Sweta ya Trizah na Matope ya Chini ya Bahari

Jeconia aliosha vyombo katika maabara moja ya mjini, na kila jioni alirudi nyumbani, mtaa wa Laini Saba, kwa miguu, kucha zake zikiwa na matope yaliyochimbwa chini ya sakafu ya bahari asiyopata kuiona.

Mwaka wa tisini na saba bintiye, Trizah, alifariki. Mazishini ilitajwa homa ya mapafu, wala hakuna aliyeuliza zaidi. Enzi zile ugonjwa wenyewe haukutajwa mbele ya watu. Baada ya kuzika, jamaa walikutana chumbani kwa Jeconia ili, kwa desturi ya kwao, wagawane nguo za marehemu. Nguo isiyochukuliwa, kwa Jeconia, ilikuwa sawa na mwana aliyekataliwa na ukoo. Hivyo dada yake Akeyo alipoikunja sweta ya kijani na kuiweka mapajani, moyo wa Jeconia ulitua.

“Itanibana,” Akeyo alisema. “Huyu mtoto alikuwa sindano.”

“Ni wewe umenona, shemeji,” akatania Okoth, kaka wa marehemu mke wa Jeconia. Watu wakacheka.

Kicheko kile kilimlegeza Jeconia. Akataka kuwagawia faraja aliyopewa na Daktari Mideva, mtafiti wa maabara.

“Kule chini ya bahari,” alisema, “ndani ya matope mnaishi vijidudu visivyoonekana, na chakula chao ni haba mno. Virusi huingia ndani ya kimoja, hukipasua, na yaliyomo humwagika yakavilisha vilivyobaki. Daktari anadhani bila hivyo vingi vingekufa njaa. Nikasema, basi Mungu haachi hata kifo cha namna hiyo kipotee bure. Virusi vilimpasua mtoto wangu, lakini…”

 Neno lilikuwa limekwisha kutoka.

“Si mlisema ni mapafu?” Okoth aliuliza.

“Vile vya matope havigusi watu. Na hivi vingine havikai kwenye nguo. Daktari aliniambia.”

“Tumesikia, ndugu yangu,” Akeyo alisema kwa upole. Akairudisha sweta kitandani, akajipangusa mapaja, akaaga akisema kwake Kawangware ni mbali. Wengine wakamfuata, mikono mitupu.

Jumatatu Jeconia aliivaa sweta ndani ya koti la kazi. Mikono yake ilimwishia karibu na viwiko. Alikuwa akisuuza vichupa, matope yakiteremka na maji, Daktari Mideva alipoingia.

“Mzee, uliwaeleza jamaa?”

“Niliwaeleza,” alisema, akiuvuta juu mkono wa sweta usilowe. “Walielewa.”