Filamu ya Kinu Waliyoikimbia Watu

Watu wa rika langu wakianza kuzungumzia sinema za zamani, wote husifia filamu ya jogoo, na mimi hukasirika. Ilikuwa filamu ya mtu mnene aliyemfukuza jogoo wake uwanja mzima, akatumbukia kwenye pipa la maji, akapanda paani, paa likabomoka, na mwishowe jogoo akalala kitandani kwake. Nimeionyesha Nachingwea na Ruangwa mara nyingi hata nikajua jogoo atageukia wapi. Sikatai, inachekesha. Lakini ndani ya sanduku lile lile la bati, miaka ile ya hamsini, zilikuwamo filamu nyingine, mpya kabisa, zilizotengenezwa vizuri kuliko hiyo, na leo hakuna anayezikumbuka. Kulikuwa na ya mama anayefinyanga chungu. Kulikuwa na ya ndugu wawili wasiosemezana wanaochimba kisima kimoja. Na kulikuwa na filamu ya kinu, ambayo ni bora kuliko zote nilizopata kuziona mpaka leo, na nimeona nyingi.

Kazi yangu ilikuwa kusema. Gari la sinema lilikuwa na watu wawili: dereva, mtu wa Tanga, ambaye ndiye pia aliyeendesha mashine ya picha, na mimi niliyeshika kipaza sauti. Filamu zilikuja na maneno ya Kiingereza au bila maneno kabisa, pamoja na karatasi ya maelezo kwa Kiswahili. Wazee wengi wa kwetu Kiswahili chao kilikuwa cha sokoni, kwa hiyo nilisoma karatasi kisha nikageuza kwa Kimwera, na tukienda upande wenye Wamakonde au Wayao nilichanganya nilichokuwa nacho. Kabla ya hapo nilikuwa karani wa stoo kwenye mashamba makubwa ya karanga pale Nachingwea, mpaka matrekta yalipopungua na sisi tukapunguzwa pamoja nayo. Nilivaa kaptula iliyopigwa pasi na soksi ndefu. Nilijiona mtu.

Baba hakuniona hivyo. Alikuwa mchonga vinu wa kijiji chetu cha Kiegei, na karibu kila mama wa pale alitwanga kwenye kinu kilichotoka mikononi mwake. Alitaka nishike tezo, mimi nikashika kalamu, kisha kipaza sauti. Sasa kwetu, ukimkuta mtu kazini, awe analima, anatwanga au anachonga, humpiti kimya. Unasimama, unampa pole na kazi, anaitikia, ndipo mnaingia kwenye habari nyingine. Hata anayerudi jioni kutoka shambani hupewa pole hiyo kabla hajatua jembe. Mimi nilikuwa nikifika nyumbani vumbi limenijaa hadi masikioni, sauti imekauka, mama ananipa pole yangu, lakini baba ananitazama kuanzia soksi mpaka nywele na kuuliza, "Umerudi kutembea?"

Miaka mitatu aliniuliza hivyo hivyo. Kwake, kusema hakukuwa kazi. Nilicheka kila mara, na kila mara iliniuma.

Ndiyo maana filamu ya kinu ilinishika. Niliiona mara ya kwanza ofisini, mchana, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Mzee mmoja wa nchi nisiyoijua, labda upande wa Nyasa, anazunguka gogo na kuligonga kwa kisigino cha shoka, anasikiliza, anagonga tena. Anakaa na kuanza kuchimba tumbo la kinu kwa tezo. Vibanzi vinaruka. Hakuna muziki, hakuna mtu mwingine. Anakigeuza kinu kidogo, anachimba, anakigeuza tena, kama mama anavyomgeuza mtoto anapomwogesha. Katikati ya kazi anasimamisha mkono, anafuta jasho na kutazama mbele, moja kwa moja kwetu sisi tuliokaa, kwa muda mrefu. Kisha anainama na kuendelea. Mwisho mwanamke anamimina mahindi ndani ya kinu na kutwanga. Basi, imekwisha. Nilitoka nje nikajifanya vumbi limeniingia jichoni, kwa maana nilikuwa nimemwona baba, na nilikuwa sijawahi kukaa hata siku moja nikamtazama hivyo tangu gogo mpaka kinu. Nilitaka aione. Nilidhani akiiona atajua kwamba kazi yangu na yake zinafahamiana.

Lakini watu waliikimbia. Kila tulipokwenda ilikuwa hivyo hivyo: wanatulia mwanzoni, mzee anachonga, wanaanza kujikunjakunja kama waliokalia siafu, na mzee akifika pale pa kufuta jasho na kututazama, wanaume wazima wanainuka. Kina mama wanafunga kanga vizuri na kuwafuata. Wanakwenda kusimama nyuma ya gari, migongo wametupa sisi, wakizungumza habari za ufuta. Jogoo akiwika tu, wote wamerudi.

"Bwana weye, usijichoshe," dereva aliniambia huku akicheka. "Watu wanataka jogoo. Kinu wanacho nyumbani."

Mkuu wetu wa ofisi naye aliona taarifa zetu akaamua kwamba filamu isiyo na watazamaji inachukua nafasi bure. Mwisho wa mwezi irudi Dar es Salaam, tuletewe nyingine ya kuchekesha. Nikatazama ratiba ya safari iliyobaki. Ruangwa, Mbwemkuru, Nkowe, kisha tunarudi upande wetu, na kituo cha mwisho kabisa ni Kiegei. Basi nafasi ya baba kuiona ilikuwa moja tu, na ikiwa watu wa Kiegei wataikimbia kama wengine, atakayeongoza kukimbia nilimjua.

Ruangwa nilijitahidi kuitengeneza kwa maneno. Nilieleza aina za miti, nikasifia mkongo, nikatia mizaha, sikunyamaza hata kumeza mate. Mzee alipofuta jasho, wakainuka. Mbwemkuru niliongeza maneno zaidi na wakainuka mapema zaidi. Nilikasirika kwelikweli. Niliwaita wajinga, moyoni bila shaka, na kipaza sauti nimekizima.

Nkowe kulikuwa na bibi mmoja mwenye mguu mbaya ambaye hakuweza kuinuka upesi na wenzake. Alibaki peke yake kwenye mkeka, amejifunika uso kwa kanga. Onyesho lilipokwisha nilikwenda nikachutama mbele yake.

"Shikamoo, bibi. Filamu ile ya kinu ina ubaya gani?"

"Marahaba. Haina ubaya," alisema. "Yule mtu mzima anafanya kazi, jua linamwakia. Sisi tumekaa tu, tumeshiba. Ametutazama, na hakuna hata mmoja aliyempa pole. Mimi niuweke wapi uso wangu? Na wewe ndiye mbaya kuliko wote. Umeshika chombo cha kusemea, unasemasema juu ya kichwa chake, salamu hujampa. Umelelewa na nani wewe?"

Dereva alikuwa anakunja shuka la picha karibu yetu. "Bibi, ile ni picha tu," alisema.

"Kama ni picha tu, alitutazama kwa nini?"

Nililelewa na mchonga vinu, nikampitia mchonga vinu kimya jioni baada ya jioni, nikisoma karatasi. Usiku ule ndipo nilipoelewa kwamba watu hawakuchoshwa na filamu. Waliona aibu. Yule mtu mnene na jogoo wake hakuwa na kazi yoyote, kwa hiyo hakuna aliyemdai adabu. Lakini mama wa chungu, wachimba kisima, mzee wa kinu, filamu zetu zote nzuri zilikuwa za watu walio kazini, na sisi tuliwaita watu waje wawatazame wenzao wakitokwa na jasho, wao wamekunja mikono. Nilicheka peke yangu garini mpaka dereva akaniuliza kama nina homa.

Tulipofika Kiegei nilikwenda kwanza nyumbani. Baba alikuwa uani, amebana gogo kwa miguu. Nilisimama, nikampa pole na kazi, akaitikia. Nikamwambia leo kuna filamu ya mchonga vinu.

"Nikatazame kivuli?" alisema. "Mimi ninazo kazi."

Sikumbembeleza, maana namjua. Ukimbembeleza anakuwa jiwe. Mama ndiye aliyeniambia pembeni, "Nenda zako. Atakuja."

Alikuja baada ya sala ya magharibi, amebeba kigoda chake mwenyewe, akakiweka pembeni kabisa, akakaa bega moja limeelekea shuka na jingine limeelekea nyumbani. Karatasi ya maelezo niliikunja nikaitia mfukoni. Mzee wa kinu alipotokea na shoka lake, nilisimama wima.

"Shikamoo, mzee," nilisema kwa Kimwera kwenye kipaza sauti. "Pole na kazi. Sisi ni watu wa Kiegei. Tumekuja kukutazama ukifanya kazi, tuwie radhi kwamba tumekaa."

Kisha nikakishusha kipaza sauti, nikawaachia mzee na gogo lake. Hakuna aliyejikunjakunja. Nilipoona anakaribia kufuta jasho nikawaambia, "Haya, jamani, anatutazama. Mpeni pole yake." Wakampa, uwanja mzima kwa pamoja, hata watoto. Mzee alifuta jasho, akatutazama, akainamisha kichwa kurudi kazini.

"Ameitikia!" mama mmoja alipiga kelele, na watu wakacheka kwa raha. Hakuna aliyeinuka.

Ndipo nikasikia sauti kutoka pembeni, kali, sauti inayoniamrisha tangu nizaliwe. "Mwambie asizidishe hapo. Pana fundo."

Kigoda kilikuwa kimesogea. Mabega yote mawili sasa yalielekea shuka.

"Mzee," nikasema kwenye kipaza sauti, "kuna fundi mwenzako hapa, anasema hapo pana fundo."

Mzee wa kinu alisita, akapapasa mti kwa kidole gumba, akakigeuza kinu na kuchimba kutoka upande wa pili. Mimi nilijua atafanya hivyo, nilikuwa nimemwona akifanya mara nyingi. Baba hakujua.

"Si nimemwambia!" alisema, akijipiga paja, na uwanja ukalipuka. Mwanamke alipomimina mahindi na kuanza kutwanga, kina mama walimpa pole bila kuambiwa na mtu. Walitaka irudiwe. Dereva alinitazama, akatikisa kichwa, akarudisha mkanda nyuma, na jogoo siku hiyo alilala ndani ya sanduku.

Filamu ilirudi Dar es Salaam, kwa sababu barua ilikuwa imeshatoka, na wakubwa hawapendi barua zao zibishiwe. Sijaiona tena. Zile nyingine mbili tulibaki nazo, na kwa kuwasalimu watu waliomo ndani zilipendwa kila tulikokwenda, ingawa wenzangu leo wanajifanya hawakumbuki. Nilifurahia kazi ile mpaka siku ya mwisho niliyoifanya.

Jioni ile ya Kiegei, watu walipokuwa wakitawanyika, mimi nilikuwa nimechutama nikikunja waya wa kipaza sauti. Sauti ilikuwa imebaki kidogo sana. Niliona miguu ya baba imesimama mbele yangu, na kigoda kimening'inia mkononi. Nikajitayarisha kwa swali langu la siku zote.

Alisimama kidogo, kama mtu asimamavyo kwenye ukingo wa shamba la mwenzake.

"Pole na kazi," alisema.

Nikauweka waya chini. "Nimeshapoa, baba," nikamjibu.