Bunduki Iliyofunguka kama Sanduku

Juzi nilimwona mlinzi kwenye mlango wa duka la saruji kule Kibuli amepakata bunduki fupi, kuukuu, ya chuma kitupu. Nilisimama. Baba yangu, aliyekuwa mwanajeshi, aliondoka na ya namna ile kutoka kambini Mbuya, na hatukumwona tena.

Alasiri ya kuamkia safari yake, nikiwa bado mtoto, alikuwa ameketi kwenye mkeka nje ya nyumba, akiisafisha. Alizungusha kitu karibu na mtutu, na bunduki nzima ikafunguka pande mbili kama sanduku la nguo.

"Hii walitengeneza Denmaki," akaniambia. "Angalia ndani."

Nikachungulia. Niliona springi na mafuta tu.

Mlangoni mama alikuwa akikaanga simsim, zile mbegu za ufuta, na harufu yake ilikuwa ikipambana na ile ya mafuta ya bunduki. Nilifurahi, nikidhani tunapata wageni. Sikujua kwamba simsim iliyosagwa pamoja na karanga haiharibiki upesi, na kwamba wanawake wa kambini waliwasagia waume zao walipoitwa vitani.

Mama alipoinama kwenye jiwe la kusagia, machozi yakaanza kumtoka. Nikamkimbilia.

"Mama, usilie. Nimechungulia ndani ya bunduki ya baba. Haina kitu, haiwezi kuua mtu."

Alinivuta kifuani kwa mikono iliyojaa simsim.

"Ya baba yako mimi siiogopi," akasema.