Ermes Mikono Juu

Mcheza kwao hutunzwa, husemwa. Aliyetunga maneno hayo hakuwahi kufika Roccalenta, au alifika siku ambayo baa yangu ilikuwa imefungwa.

Mimi ni Nives, mwenye baa ya mbele ya kanisa, na Ermes Talucci ni mdogo wangu, tumbo moja. Kazi yake ni mpira. Si ule wa kwenye televisheni. Ni ule wa daraja la nne na la tano, ambako wachezaji huoga maji baridi na kipa siku za kazi ni fundi bomba. Kwa karibu miaka ishirini amekuwa straika wa kuhamahama, msimu mzima huku, nusu msimu kule, na mkoba wake uleule. Hakuna mji kati ya milima hii na bahari ambao hajauvalia jezi, isipokuwa wetu.

Hapo ndipo panaponiuma. Baba yetu, Quinto, ndiye aliyekuwa akichora mistari ya chokaa katika uwanja wa Roccalenta kila Jumamosi tangu mimi sijaolewa, kwa mapenzi tu, akijiona mwenye timu. Ermes alikulia katika timu ya watoto ya hapa. Alipofika miaka kumi na saba, kabla hajavaa jezi ya wakubwa, mwenyekiti wa timu, Berardinucci, yule mwenye kiwanda cha vigae, akampeleka timu ya ng'ambo ya mlima. "Nenda ukakomae," alimwambia. "Utarudi." Mtoto akakomaa, akaiva, akaanza kuoza, na kila kiangazi baba alipouliza, jibu lilikuwa hilohilo: "Mwakani, Quinto, mwakani." Baba alizitundika jezi zote za mwanawe ukutani mwa baa, na katikati akaacha msumari mtupu. Huo ulikuwa wa jezi yetu. Mimi nilikuwa nikiupangusa vumbi huku nikimtukana mwenyekiti kimoyomoyo.

Sasa, mpira wetu una desturi yake. Ukiifunga timu uliyowahi kuichezea, hushangilii. Unainua mikono yote miwili, viganja mbele, kuomba radhi, na wale uliowafunga wanakupigia makofi kidogo, kwa uchungu. Ni adabu tu. Lakini mdogo wangu alikuwa amemchezea kila mtu! Kila akifunga, mikono juu. Sikumbuki mara ya mwisho nilipomwona akiruka kwa furaha. Na Oreste, muuza nyama wetu, hakuniacha nipumue.

"Nives, nasikia Ermes kakamatwa tena na polisi jana!"

"Kafunga bao, mpumbavu wewe."

"Si ndiyo nasema? Mikono juu!"

Baa nzima ikaangua kicheko. Baba naye alicheka, maana kwake mwanawe kutaniwa kulikuwa afadhali kuliko kutotajwa kabisa.

Mwaka jana, Ermes akiwa na miaka thelathini na saba, likatokea nililokuwa nikiliogopa. Timu yake mpya, Collefosco, na timu yetu zilimaliza ligi zikiwa mkiani, ikabidi zikutane mechi moja, kwetu, na itakayoshindwa ishuke daraja. Sisi tulikuwa juu yao kidogo, kwa hiyo sare ilitutosha, mradi idumu hadi mwisho wa muda wa nyongeza.

Ijumaa mwenyekiti aliingia baa, akamwagizia baba kahawa kabla ya kuagiza yake. Hajawahi kufanya hivyo maishani.

"Quinto, ndugu yangu, magoti ya mwanao yanamsumbua, sivyo?"

"Yanamsumbua kidogo, mwenyekiti."

"Basi Jumapili asijichoshe. Mwambie jezi namba tisa ya msimu ujao ninayo ofisini. Ina jina lake mgongoni."

Nilitaka kummwagia ile kahawa mapajani. Lakini baba alikuwa amekwisha kuutazama msumari.

Jumamosi Ermes alikuja kula kwetu, maana Collefosco si mbali. Nilipika tambi na mchuzi wa kondoo. Baba alimfikishia ujumbe huku macho yake yako kwenye sahani.

"Anasema nisicheze, baba?"

"Hajasema hivyo. Amesema jezi ipo."

"Na wewe unasemaje?"

Baba akakata mkate, kisha akakikata tena kile kipande. "Mimi ni mzee, mwanangu. Ningependa kukuona nayo kabla sijafa."

Ermes alimaliza chakula, akaifuta sahani kwa mkate, akanibusu kwenye paji la uso. "Dada, chumvi imezidi," akasema. Haikuwa imezidi.

Jumapili alianzia benchi. Sheria ya ligi inalazimisha kila timu ipange vijana, kwa hiyo wazee ndio hukaa. Mimi na baba tulikuwa jukwaani, Oreste nyuma yetu na tarumbeta lake. Hakuna aliyefunga, tukaingia muda wa nyongeza. Nilianza kuomba Mungu iishe hivyohivyo, apate jezi yake bila dhambi. Ndipo kocha wao akamwingiza. Aliingia akichechemea, na wetu wakamzomea. Karibu na mwisho kona ikapigwa, kipa wetu akautema mpira, ukamwangukia Ermes miguuni, golini kabisa. Angeweza kuteleza. Angeweza kuupaisha juu ya mwamba. Wapaishaji wako tele katika nchi hii na hakuna anayewauliza kitu. Aliusukuma ndani kwa utulivu, kama mtu anayefunga mlango wa nyumbani kwake.

Wenzake walimrukia, akawasukuma pembeni. Akaja mbele ya jukwaa letu, akasimama juu ya mstari wa chokaa aliouchora baba, akainua mikono, viganja mbele. Alikuwa analia. Nikangoja yale makofi kidogo.

"Shusha mikono!" Oreste akapaza sauti. "Unamwomba nani radhi? Ulikuwa wetu lini, wewe?"

Watu wakacheka. Tunashuka daraja, na bado wakacheka! Mwenyekiti alikuwa safu ya mbele, akacheka pia. Ermes akaishusha mikono polepole, akaitazama.

Jioni aliingia baa kwa mlango wa nyuma. Nilikuwa nimefunga, sikutaka kuuona uso wa mteja hata mmoja. Baba alikuwa ameketi chini ya jezi zake, kofia bado kichwani.

"Nisamehe, baba. Jezi ndiyo imekwenda."

"Achana na jezi! Kwa nini hukushangilia? Ungeruka, ungewatukana, ungevua shati. Wangekuchukia, basi, yaishe. Lakini wakucheke? Wakucheke mwanangu, mbele yangu?"

Ermes alinawa uso kwenye sinki langu la vikombe, akabaki ameinama pale, maji yakimchuruzika kidevuni.

"Nilisahau, baba," akasema. "Nimecheza kila mahali. Nilisahau kwamba hapa sijawahi kucheza."

Baba akavuta kiti, akapanda, akaanza kuung'oa ule msumari kwa vidole. Haukutoka. Nikaenda kumtafutia koleo.