Meno ya Fundi Mkasi

Fundi cherehani aliyeitwa Mkasi alikuwa na mkasi mzuri tu, wa chuma, lakini aliutumia kukatia vitambaa. Uzi aliukata kwa meno. Akimaliza kushona tundu la kifungo, anainama, anang'ata mara moja, uzi umekatika sawasawa na kitambaa, wala huoni ncha yake. Mafundi wenzake wa mtaa ule walijaribu kumwiga wakaishia kutafuna nyuzi.

Jina la Mkasi alilipata kwa meno hayo, nalo lilimvimbisha kichwa. Mteja mpya akiingia dukani, Mkasi hamwonyeshi suti wala gauni, anamwonyesha meno ya mbele. Akikuta chupa ya soda haijafunguliwa, ataifungua kwa magego hata kama mwenyewe hana kiu. Mkewe, aliyekuwa akitia vifungo kwenye meza ya pili ya duka hilohilo, alimkanya mpaka akachoka, maana mumewe hakuambilika.

Kisha yakaanza madoa. La kwanza lilionekana kwenye kola ya shati la mwanafunzi, dogo, la rangi ya waridi, palepale uzi ulipokatwa. Likafuata la kanzu ya mwanakwaya. Mkasi akazilaumu sindano, akanunua subana, vile vikofia vya chuma vya kukinga kidole, akavivaa kwenye vidole vyote, siku nzima anashona huku mikono ikigongana kama vijiko. Doa likatokea tena. Akawalaumu mbu. Mbu walipokosa hatia, akakilaumu kiwanda cha uzi, akaapa kwamba rangi yao inachuja, ingawa uzi wenyewe ulikuwa mweupe. Halafu mama mmoja akarudisha gauni la harusi la mwanawe, akauliza kwa upole wa mtu aliyekwisha kukasirika kama kuna kuku aliyechinjiwa juu yake.

Kila mtu alijua damu inatoka wapi isipokuwa mwenye mdomo. Asubuhi akipiga mswaki alitema mate mekundu, akasema ni rangi ya dawa ya meno. Mswaki wake ulikuwa mgumu, naye aliusukuma kwa nguvu zote kama anayeondoa masizi kwenye sufuria. Fizi zikiuma, anaziacha upande ule zipumzike wiki nzima bila kuguswa, na huko kwenye mapumziko uchafu unajijengea makazi. Mchana kutwa alikuwa na kikombe cha chai yenye sukari kibao pembeni ya cherehani, anakunywa funda moja moja mpaka jioni. Mkewe alipomwambia kwamba hata pumzi yake imebadilika, Mkasi alijitia hamnazo, akaongeza mwendo wa cherehani.

Basi binti yake wa pekee akachumbiwa. Mkasi alikuwa akilingoja gauni hilo tangu mtoto anajifunza kutembea. Alikuwa amelishona kichwani mara nyingi mno, leo mikono mirefu, kesho mifupi, na mtaa mzima ulikuwa umesimuliwa urefu wa mkia wake. Binti akaja dukani, akakaa kwenye kigoda, akazungukazunguka na habari za ukumbi na viti. Mwishowe akasema ameona gauni lililokwisha kushonwa, kwenye duka la mjini.

"Baba, nakupenda," akasema. "Ila nataka gauni jeupe."

Mkasi akanywea. Hakumlaumu mbu yeyote siku hiyo. Alikaa mbele ya cherehani bila kuikanyaga, na tuseme ukweli, aliona aibu ambayo hata yule mama wa kuku hakuwa amempa. Mkewe akafunga duka mapema, akamshika mkono kama anayemvusha barabara, wakaenda kwa daktari wa meno.

Daktari alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya chini. Mkasi alianza kulia kabla hajaguswa, ikabidi aambiwe kwamba bado taa tu ndiyo imewashwa. Akaelezwa kuwa fizi zimevimba kwa sababu ukoga umeganda chini yake, na usipotolewa, meno yataanza kucheza, kisha yataaga. Meno ya mbele nayo yalikuwa na vijikato vilivyochimbwa na uzi. Daktari akasema jino si mkasi wala si kifungulio cha chupa. Mkasi akauliza kama hakuna dawa ya kunywa tu. Hakuna, akajibiwa, na kuanzia hapo hakuweza kuuliza tena kwa kuwa mdomo ulikuwa kazini.

Baada ya kusafishwa alipewa masharti. Mswaki laini, asubuhi na kabla ya kulala, taratibu, pale jino linapokutana na ufizi, hata kama panatoka damu kidogo. Chai ya sukari inywewe wakati wa chakula, si kutwa nzima. Na kila siku apitishe uzi katikati ya meno. Kusikia uzi, Mkasi akakaa wima. Hapo ndipo daktari alipoanza kusema jambo la maana. Alipoonyeshwa uzi wenyewe wa kusafishia meno, akautazama kwa huruma, akasema yeye ana duka zima.

Asubuhi akachagua uzi wa kushonea suruali nzito, usiokatika kirahisi. Akaulowesha ncha, akaupitisha kati ya magego mawili, na mkono, kwa mazoea ya miaka yote, ukaupiga fundo mwishoni. Akavuta. Fundo likakwama. Kibiringo cha uzi kikamponyoka, kikadondoka, kikabiringika kuelekea mlangoni, na Mkasi akakifuata mbio ameinama, maana alihisi jino linataka kwenda nacho. Wateja wawili waliokuwa wakiingia walimpisha kwa heshima. Mkewe alimkuta barazani, akakata uzi kwa mkasi, akamrudisha kwa daktari kutolewa fundo, na safari hii akanunua uzi wa meno mwenyewe.

Ni mkewe pia aliyebuni kipimo. Kila Jumapili baada ya chakula, binti akiwa amekuja nyumbani, Mkasi angeng'ata leso nyeupe mbele ya wote. Jumapili ya kwanza leso ilitoka na alama za waridi, akadai ni nyanya. Hawakuwa wamekula nyanya. Jumapili zilizofuata alama zikapauka, kisha zikabaki upande mmoja tu. Dukani alitembea na mkasi mdogo ulioning'inizwa shingoni kwa kamba, na kila alipoinamia uzi kwa mazoea, mkewe alikohoa. Kuna siku alikohoa hivyo mpaka mteja mmoja akamletea dawa ya kifua.

Wakati huohuo duka la mjini lilimtaka binti aseme Jumatatu kama analichukua lile gauni au waliuze. Kwa hiyo Jumapili hiyo hakuna aliyekula vizuri. Mkasi alipiga mswaki kabla ya chakula na baada ya chakula, mpaka akaambiwa aache, asije akajichubua. Akaletewa leso. Akaing'ata akiwa amefumba macho, akaitoa, akampa binti yake bila kuitazama.

Binti akaenda nayo dirishani. Akaigeuza upande mmoja, akaigeuza wa pili, akaisogeza karibu na mwanga. Ilikuwa nyeupe. Akaikunja vizuri, akaiweka mezani, akavua viatu, akapanda juu ya kigoda na kunyoosha mikono.

"Nipime basi, Baba."

Mkasi akavuta futi, akaizungusha kiunoni mwa mwanawe, akainama kusoma. Mkewe akauliza ni ngapi, penseli mkononi. Mkasi akakohoa, akafungua futi, akaizungusha upya. Mkewe akauliza tena.

"Subiri," akasema. "Namba zinacheza."

"Zinacheza vipi?"

"Njoo usome wewe, Mama. Mimi sizioni."

Mkewe akasogea, akasoma kwa sauti, akaandika. Mkasi akabaki ameshikilia ncha ya futi, machozi yanamchuruzika mashavuni, anacheka, meno yote nje.