Mkono wa Ijumaa

Noelene alimjua msimamizi wa zamu kwa mikono yake, ambayo siku zote ilikaa mifukoni. Hata chai aliinywa mkono mmoja ukiwa mfukoni. Ijumaa mchana tu, honi ya kufunga kazi ikikaribia, ndipo alipoitoa, akapita polepole kati ya mashine za mablanketi, akamgusa mtu begani. Neno kufukuza hakulitamka hata siku moja. Alikohoa, akatazama sakafu, akasema, "Pole, ndugu. Jumatatu usijisumbue." Basi pale kiwandani Geelong hukusikia kwamba mtu kamwaga unga. Ulisikia kaguswa, au kapewa Jumatatu yake, na watu wakacheka kichovu. Wenyewe kwa wenyewe walishaacha kushikana mabega, hata timu yao iliposhinda.

Ijumaa moja Noelene alirudi kazini, mumewe, Merv, akiwa ndiyo kwanza kazikwa. Alikuwa anakunja mablanketi alipohisi mkono mzito begani.

"Pole, Noelene."

Mashine ya jirani ikazimwa. Noelene hakugeuka. Alifungua kamba za aproni, akaivua, akaikunja vizuri kama blanketi.

"Yaani bosi, hata wiki hii ya msiba umeshindwa kuniachia?"

"Sikuja kwa hilo," msimamizi alisema. "Ni kwa ajili ya Merv. Nimekuja kukupa pole tu."

"Kwa hiyo Jumatatu nije?"

"Njoo, mama. Njoo."

Noelene alipogeuka, mkono ulikuwa umesharudi mfukoni.