Nilimnyima Marehemu Ushindi Wake

Alishinda kweli, au hakushinda? Swali hilo lilininyima usingizi siku moja kabla ya mazishi, na jibu nililolitoa lilikuwa baya. Tangu hapo linalonikesha ni jingine: niliandika vile kwa sababu sikuwa na uhakika, au kwa sababu nilitaka kumshinda mtu ambaye hawezi tena kunijibu?

Nimekosa, jamani. Sitaji jina langu kwa sababu ya aibu, na majina ya wengine nimeyabadili.

Mimi ni kijana wa Suma, hapa Rungwe. Nilimaliza chuo, ajira sikupata, nikarudi nyumbani kumsaidia mama kuchuma chai. Ukishachuma unapeleka majani kwenye banda la kupimia, unangoja gari la kiwanda. Mvua ikinyesha gari linachelewa, na hapa mvua hainyeshi kidogo. Basi tukingoja, tunabishana kuhusu ngumi. Ushindi gani ni mkubwa kuliko wote tangu ngumi zianze?

"Wa Kinshasa," nilikuwa nasema mimi. "Mtu anakaa kwenye kamba, anapigwa, anapigwa, mwenzake akichoka anamlaza raundi ya nane. Ile ni akili!"

"Akili gani? Wa Tokyo!" mpimaji wetu alikuwa anadakia huku ameshika mzani. "Jamaa hakupewa nafasi hata na mama yake mzazi, akamlaza bingwa ambaye dunia nzima ilimwogopa!"

Mzee Ambakisye alikuwa jirani yetu, mchuma chai wa miaka mingi. Yeye alikaa juu ya kikapu alichokipindua, akasubiri wote tumalize.

"Hayo yenu mmeyaona kwenye simu," alikuwa anasema. "Wangu mimi niliuona kwa karibu kuliko wote. Nilikuwemo ndani."

Tulicheka kila mara. Kisha alisimulia: alipokuwa kijana, katika uwanja wa kiwanda, alipigana na bondia wa Isongole aliyekuwa amewamaliza wote wa milimani huku. Mkono wa kulia ukamharibikia raundi ya kwanza. Raundi ya tatu akamlaza kwa mkono wa kushoto peke yake.

"Ushahidi, mzee?" niliuliza.

"Ushahidi si mimi hapa?"

"Mshindi hawezi kujitolea ushahidi. Picha iko wapi? Kombe?"

"Gwe kijana, huko chuo wanafundisha maswali tu? Majibu wanafundisha wapi?"

Banda zima liliangua kicheko. Mimi pia nilicheka, lakini moyoni iliniuma. Nilirudi nyumbani nikiwaza ningemjibu nini, na jibu zuri lilinijia nikiwa tayari naoga.

Mzee akafariki. Jioni ile Tusekile, binti yake wa mwisho, niliyesoma naye shule ya msingi, alikuja kwetu.

"Baba alisema wasifu wake uandike wewe na uusome wewe," aliniambia. "Alisema, 'Yule mbishi ndiye anayezijua habari zangu zote, maana ameziuliza moja moja.'"

Alinipa mambo ya kuandika: kuzaliwa, ubatizo, ndoa, watoto, shamba. Alipofika mlangoni akageuka. "Na ule ushindi wake usiusahau."

Sikuusahau. Laiti ningeusahau!

Niliandika kwamba alishinda, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Nilimkumbuka mwalimu wangu wa chuo aliyekata kwa kalamu nyekundu kila jambo lisilo na chanzo. Nikajiambia mimi ni msomi, sisomi uvumi mbele ya watu. Hatimaye nikaandika hivi: "Inadaiwa pia kwamba ujanani alimshinda bondia mmoja wa Isongole kwa mkono mmoja, ingawa hakuna kumbukumbu zinazothibitisha."

Na nitasema yote. Nilipoweka nukta nilijisikia vizuri. Nilijisikia mtu aliyeshinda ubishi.

Kesho yake niliusoma wasifu chini ya turubai, kwenye kipaza sauti, jeneza likiwa hatua tatu mbele yangu. Bibi mmoja akamuuliza jirani yake kwa Kinyakyusa nimesema nini. Akaelezwa. Akasonya.

"Kumbe mzee alikuwa anatupiga kamba?" nilisikia kijana akinong'ona nyuma yangu.

Mjane, Mama Tusekile, akajifunika uso kwa kanga. Tusekile hakujifunika. Alinitazama tu. Mchungaji akaanzisha wimbo, tukaenda kumzika pembeni ya migomba yake. Nilimzika akiwa mwongo, na aliyemfanya mwongo ni mimi!

Watu walipokuwa wanapakuliwa chakula, mzee mmoja mrefu mwenye pua iliyopinda alinijia, amevaa koti zito kama wavaavyo watu wa kwenye baridi.

"Ugonile," alinisalimu. "Wewe ndiye uliyesoma?"

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi naitwa Lwitiko. Mimi ndiye huyo bondia mmoja wa Isongole."

Yesu wangu!

"Mkono wake wa kulia ulivunjika kwenye kichwa changu," alisema. "Raundi ya tatu akanilaza kwa kushoto, nikapoteza fahamu. Refa akawa anatafuta mkono wa kuinua, hauoni. Ambakisye alikuwa ameshanibeba mgongoni, ananikimbiza zahanati, na mkono wake umevunjika hivyo hivyo. Hakurudi. Sasa picha wangempiga nani?"

"Mbona hakutuambia kwamba alikubeba?"

"Angesema, watu wangenicheka mpaka leo. Yeye alisimulia ngumi tu."

"Na wewe mzee, mbona hukusimama pale ukasema?"

"Kipaza sauti ulikuwa nacho wewe, mwanangu. Mimi nilikuja kuzika, sikuja kubishana."

Sikula. Nilitoka pale bila kumuaga mtu.

Mama aliniuliza swali moja tu: "Nilikusomesha ili ukamvue nguo mzee wa watu mbele ya watoto wake?" Kule bandani nikapewa jina, Bwana Inadaiwa. Mpimaji akipima majani yangu anatangaza kwa sauti: "Inadaiwa kilo kumi na mbili! Ingawa hakuna uthibitisho!" Watu wanacheka, lakini si kicheko kile cha zamani. Na ngumi hakuna anayezitaja tena. Tunangoja gari kimya, tunaangalia mvua.

Tusekile tulipokutana njiani alihama upande. Nilimwandikia ujumbe wa kuomba radhi, nikaufuta. Mara kumi na moja! Nikisema ukweli, si nitatonesha kidonda? Nisiposema, si ndiyo nimeukubali uongo? Je, nikimpelekea mama yake kimyakimya? Lakini kosa lilikuwa hadharani. Radhi ya uvunguni ingemsaidia nani? Nilifikiri wiki nane nzima. Kufikiri kwangu ndiko kulikonifikisha hapa, bado nikaendelea kufikiri!

Wenzangu mliosoma, siku mtakapopewa wasifu wa mtu muuandike, msijitafutie ushindi ndani yake. Una shaka? Panda bodaboda ukaulize walio hai. Isongole si mbali. Mimi nilikaa na simu yangu nikadhani kisichokuwemo humo hakikutokea.

Kisha nikasikia familia inajengea kaburi Jumamosi na watu wameitwa. Nikaamua. Alfajiri, kwenye ukungu, nilipanda bodaboda hadi Isongole, nikamkuta Mzee Lwitiko anachambua viazi vya mbegu. Sikumaliza hata kueleza. Alichukua koti lake.

Tulipofika, banda zima la chai lilikuwepo. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Tusekile, nikapiga magoti kwenye matope, karatasi mkononi.

"Mama, nilimkosea baba. Naomba nisome tena."

Nilidhani atanifukuza, na ningeondoka.

"Soma," alisema. "Na usiseme inadaiwa."

Nikasimama nikasoma. Nilisoma mkono uliovunjika, raundi ya tatu, mgongo, njia ya zahanati. Nikasema pia kwamba nilijua ninachokifanya siku ile ya mazishi.

Nilipomaliza, Mzee Lwitiko alitoka kwenye watu. "Ni kweli," alisema. "Aliyepigwa ni mimi." Akamwendea Mama Tusekile, akaushika mkono wake wa kulia, akauinua juu.