Cherehani Anajifunza Kunyamaza

Mjukuu wangu tunamwita Cherehani. Ukikanyaga tu, anakwenda. Bibi yake ndiye aliyekuwa akimsikiliza, huku anachambua mboga. Bibi yake ametutoka, huu mwezi wa tano. Sasa zamu ni yangu, na mimi si mtu wa maneno.

Ana miaka ishirini na minne. Ameitwa kwenye usaili wa kazi mara nne, akakosa mara nne. Mara ya mwisho alimweleza mwajiri namna ya kupanga meza za ofisi yake. Mwajiri akapanga meza, kazi akampa mwingine.

Safari hii aliitwa na ofisi ya kutafutia watu kazi. Kazi yenyewe ni kuwauliza maswali wanaotaka kazi, kisha kuwapeleka panapowafaa. Baba yake alisema akikosa na hii, anakwenda kwa shangazi yake kuuza ndoo. Huyo shangazi hampi mtu nafasi ya kusema hata neno moja. Cherehani aliziogopa zile ndoo kama ugonjwa.

Aliambiwa siku ya usaili atapewa mtu amhoji, nao watazame. Akaja kwangu na daftari.

"Mume wangu, leo wewe ndiye mwombaji. Kaa pale."

Nikakaa pale.

"Haya, nieleze habari zako."

"Mimi ni..."

"Fundi wa makochi, kazini miaka arobaini na moja, unatumia mkono wa kushoto. Vizuri. Kwa nini uliacha kazi?"

"Macho..."

"Macho, na mgongo pia, usijifiche. Udhaifu wako ni upi?"

Nikafungua mdomo.

"Husemi," akasema, akaandika.

Tulirudia mara tatu. Mara ya tatu nilikwenda chooni, niliporudi nikakuta nimeshanyimwa kazi.

Nikamwambia, "Mke wangu, hujaniuliza kitu."

"Nimekuuliza maswali kumi na mawili."

"Na nani kayajibu?"

Akalitazama daftari lake. Akakaa chini kwenye mkeka. "Babu, ndoo zinaniita."

Nilimwonea huruma. Nikakumbuka jambo la kazini. Fundi wa makochi hushika misumari midogo mdomoni, anaisukuma kwa ulimi mmoja mmoja, mkono unapokea, nyundo inagonga. Mpaka iishe, hasemi. Mteja akija, yeye ndiye anayesema. Nimezijua ndoa za watu wengi kwa njia hiyo.

Misumari sikumpa. Nilimkatia kifungo cha koti langu.

"Uliza, kisha kiweke chini ya ulimi. Usikitoe mpaka mtu amalize."

Akauliza, akakiweka. Uso ukamwiva. Macho yakamtoka kama mjusi aliyebanwa na mlango. Mimi sikuwa na la kusema, basi tukatazamana. Mwishowe nikasema kwamba bibi yake alikuwa akinificha sukari juu ya kabati, na mimi nilikuwa najua, na sukari bado ipo pale pale. Sijui kwa nini nilisema.

Hakujibu. Hakuweza.

Tulifanya hivyo siku sita. Asubuhi ya usaili nikamwambia kifungo akiache nyumbani, mdomo umeshazoea. Akasema sawa, babu. Akaenda nacho. Kwenye benchi la kungojea alikitia mdomoni, asije akaanza kuwapa wenzake ushauri. Mlango ukafunguliwa ghafla, jina lake likaitwa, akainuka, akaingia nacho.

Ndani alikuta watu watatu, meneja na makarani wawili. Meneja ndiye aliyejifanya mwombaji. Akakaa, akanyoosha tai.

"Kwa nini unataka kuacha kazi uliyo nayo?" Cherehani akauliza, maneno yakipita pembeni ya kifungo.

"Natafuta mahali pa kukua zaidi," meneja akajibu, kama mtu aliyekariri.

Cherehani alitaka kuuliza la pili, lakini kifungo kilikuwa kimekwama nyuma ya gego, na huwezi kutia kidole mdomoni mbele ya watu wazima. Akamtazama tu.

Meneja akadhani jibu halikutosha. Akasema nyumbani kwake ni mbali. Kimya. Akasema kiti chake kinamuumiza kiuno, kila mwaka anaahidiwa kingine. Kimya. Akalegeza tai. Akasema kazi ya ofisi hakuipenda tangu mwanzo, yeye alitaka kufundisha watu kuogelea. Na kwamba hawa makarani wawili humwigiza akipiga chafya, wanadhani hajui. Makarani wakaacha kuandika.

Hapo kifungo kikachomoka. Cherehani akauliza kwa upole, "Unaweza kuanza lini?"

"Hata kesho," meneja akasema, akajifuta uso.

Alirudi mchana, akavua viatu mlangoni. Nikajiweka tayari kwa mvua ya maneno. Akakaa tu.

"Vipi?" nikauliza.

"Nimepata. Naanza Jumatatu." Kisha akanisimulia kwa ufupi yaliyotokea mle ndani.

"Hongera, mke wangu. Na huyo meneja, mtaangaliana vipi?"

"Anaondoka. Kuna hoteli ina bwawa, wanataka mwalimu wa kuogelea. Nimewapigia simu nikiwa njiani."

"Wamemchukua?"

"Bado. Wanamsaili Ijumaa. Kesho anakuja hapa, babu, umfanyishe mazoezi."